MPANGILIO WA MANENO KATIKA KIESPERANTO NA MATATIZO YA MWANAFUNZI MSEMA KISWAHILI

0. Utangulizi

Miongoni mwa lugha zilizoundwa na watu kwa makusudi, Kiesperanto ndicho kilichoenea na kudumu kuliko nyingine zote. Kilitangazwa mjini Warsaw mwaka 1887 na Ludwik Lejzer Zamenhof (1859-1917), mganga wa macho mzaliwa wa Białystok, mji ambao wakati ule ulikuwa ndani ya himaya ya Urusi na ambao wakazi wake walisema Kiyidishi, Kipolandi, Kirusi na Kijerumani. Katika kitabu chake cha kwanza Zamenhof alijiita Doktoro Esperanto, yaani “daktari anayetumaini”, na jina hilo likawa jina la lugha yenyewe. Kitabu kilikuwa na kanuni za sarufi ambazo kwa desturi huhesabiwa kuwa 16, pamoja na orodha ya mizizi ya maneno ipatayo 900. Mwaka 1905, katika kongamano la kwanza la dunia lililofanyika Boulogne-sur-Mer, Ufaransa, kitabu kiitwacho Fundamento de Esperanto kilikubaliwa kuwa msingi wa lugha usiobadilishwa.

Lugha hiyo si ngeni tena barani Afrika. Mwaka 2024 kongamano la dunia la Kiesperanto, la 109, lilifanyika Arusha, Tanzania, na ndiyo mara ya kwanza kwa kongamano hilo kukutana katika bara hili. Kwa hiyo swali la namna msema Kiswahili anavyojifunza Kiesperanto lina wenyewe.

Makala haya yanakusudia kuchunguza jambo moja tu katika sarufi hiyo, nalo ni mpangilio wa maneno katika sentensi. Vitabu vingi vya kufundishia husema kwamba mpangilio wa maneno katika Kiesperanto ni huru. Kauli hiyo ina ukweli, lakini ikiachwa bila maelezo humpotosha mwanafunzi mara mbili: kwanza humfanya asahau malipo ambayo uhuru huo unadai, pili humfanya adhani kwamba hakuna mahali ambapo mpangilio unabana. Itaonyeshwa pia kwamba matatizo anayokutana nayo msema Kiswahili humrudisha kwenye sarufi ya lugha yake mwenyewe, na humfunulia mambo ambayo aliyatumia siku zote bila kuyatambua.

1. Uhuru wa mpangilio na malipo yake

Ukizipitia kanuni 16 za Zamenhof, hutakuta hata moja inayotaja mpangilio wa kiima, kitenzi na yambwa. Kanuni ya pili inasema kwamba nomino huishia na -o, kwamba wingi huonyeshwa na -j, na kwamba kuna hali mbili tu: hali ya kawaida, na hali ya yambwa inayoonyeshwa na -n. Kanuni hiyo ndogo ndiyo inayobeba mzigo wote. Tazama mifano hii:

(1) La infano vidis la instruiston.
(2) La instruiston vidis la infano.
(3) La infano la instruiston vidis.

Sentensi zote tatu zina maana ya “mtoto alimwona mwalimu”. Mwenye kuona ni infano, kwa sababu hana -n. Aliyeonwa ni instruisto, kwa sababu ana -n. Mipangilio mingine mitatu inayobaki nayo inakubalika. Ukihamisha -n kutoka neno moja hadi jingine bila kugusa mpangilio, mwalimu ndiye atakayemwona mtoto.

Kivumishi hulazimika kufuata nomino yake katika wingi na katika hali: bona libro, bonaj libroj, bonajn librojn. Upatanisho huu haumshangazi msema Kiswahili, aliyezoea kitabu kizuri na vitabu vizuri tangu utotoni. Pia mkazo wa neno huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kama katika Kiswahili. Katika mambo hayo mawili yeye huingia katika Kiesperanto kama anayeingia kwa jirani.

Lakini -n humsumbua. Kosa linalorudiwa na wanafunzi wa Kiesperanto ni kuiacha: *Mi legas libro, badala ya Mi legas libron (“Ninasoma kitabu”). Katika sentensi ya namna hiyo kosa halileti hasara kubwa, kwani vitabu havisomi watu. Ndiyo maana mwanafunzi huona kwamba -n ni pambo. Hasara huonekana pale ambapo pande zote mbili zina uwezo wa kutenda, au pale ambapo mpangilio umegeuzwa.

2. Kazi ya ngeli na kazi ya -n

Kiswahili nacho kina uhuru wa mpangilio, ingawa vitabu vya sarufi hupenda kukieleza kama lugha ya kiima-kitenzi-yambwa basi. Husemwa:

(4) Mtoto amekisoma kitabu.
(5) Kitabu mtoto amekisoma.
(6) Amekisoma mtoto kitabu hiki.

Hakuna msikilizaji anayepotea. Sababu ni kwamba kitenzi chenyewe kimebeba hesabu yote: a- kinamwelekea mtoto, -ki- kinaelekea kitabu. Nomino zinaweza kuhama kwa kuwa alama zao zimeachwa ndani ya kitenzi. Ni kama mizigo iliyoandikwa majina: hata ikichanganywa, kila mmoja ataupata wake.

Kwa hiyo lugha hizi mbili zinanunua uhuru ule ule kwa fedha tofauti. Kiesperanto huweka alama kwenye nomino na kukiacha kitenzi kitupu: mi legas, vi legas, ili legas, kitenzi ni kile kile. Kiswahili huweka alama kwenye kitenzi na kuziacha nomino bila dalili ya kiima au yambwa. Kutokana na tofauti hiyo huzaliwa kosa jingine la msema Kiswahili: kuandika *Legas libron kwa maana ya “anasoma kitabu”, akidhani kitenzi kimeshamtaja mtendaji. Katika Kiesperanto kiwakilishi hakiachwi: Li legas libron au Ŝi legas libron. Vitenzi vya hali ya hewa ndivyo visivyohitaji kiima, kama pluvas, “mvua inanyesha”.

Fedha ya Kiswahili hata hivyo ina kasoro yake. Alama za kitenzi ni za ngeli. Hazimwonyeshi mtu kwa nafsi yake. Nomino mbili zikiwa za ngeli moja, alama haziwezi kuzitenganisha. Katika “mwalimu mtoto amemwona”, a- na -m- zote zinaweza kumhusu yeyote kati ya wawili hao, na msikilizaji hutegemea kituo cha sauti na mazingira ya mazungumzo.

3. Pale ambapo Kiswahili kinanyamaza

Mfano ulio wazi kuliko yote unapatikana katika urejeshi. Chukua kirai hiki:

(7) mtoto aliyemwona mwalimu

Kinaweza kumaanisha mtoto ambaye alimwona mwalimu, na kinaweza pia kumaanisha mtoto ambaye mwalimu alimwona. Katika urejeshi wa -o- kiima hufuata kitenzi, kama katika kitabu alichokisoma mwalimu. Katika mfano huo wa kitabu hakuna utata, kwa sababu -cho- na -ki- ni za ngeli nyingine. Katika (7) mtoto na mwalimu ni wa ngeli moja. A-, -ye- na -m- zinawafaa wote wawili, na muundo umefunga mlango wa kumtambua mtendaji. Kiesperanto hakina budi kuchagua:

(8) la infano, kiu vidis la instruiston (mtoto ndiye aliyeona)
(9) la infano, kiun vidis la instruisto (mwalimu ndiye aliyeona)

Hapa -n si pambo. Ikiwa maneno hayo yamo katika ushahidi mbele ya hakimu, au katika barua ya mkuu wa shule kuhusu nani alimpiga nani, tofauti ya (8) na (9) ni tofauti ya mwenye hatia na asiye na hatia.

Kiswahili hakikosi njia ya kutoka. Kiswahili sanifu hutumia amba-: mtoto ambaye alimwona mwalimu, na mtoto ambaye mwalimu alimwona. Katika Kiswahili cha mazungumzo cha Lubumbashi, urejeshi mara nyingi hujengwa kwa kionyeshi -le: mutoto ule alimuona mwalimu, na mutoto ule mwalimu alimuona. Katika njia zote mbili kiima kinapata nafasi ya kutangulia kitenzi, na mpangilio wa maneno unafanya kazi ambayo viambishi vimeshindwa kuifanya. Ni vema jambo hilo likumbukwe na wale wanaouona muundo wa -le kuwa uharibifu mtupu wa lugha: muundo huo unatenganisha maana mbili ambazo muundo unaosifiwa zaidi huzichanganya.

Mwanafunzi wa Kongo aliyesoma kwa Kifaransa ana msaada mwingine. Kifaransa, ambacho nomino zake hazina hali, kimehifadhi tofauti hiyo katika viwakilishi rejeshi qui na que: l’enfant qui a vu le maître, l’enfant que le maître a vu. Mwalimu akisema kwamba kiu hulingana na qui, na kiun hulingana na que, somo ambalo lingechukua saa nzima huisha kwa dakika chache.

Mifano mingine mitatu inaonyesha jambo hilo hilo kwa njia tofauti.

Wa kwanza ni neno kama. “Ninampenda kama ndugu” lina maana mbili: mimi ninampenda jinsi ndugu apendavyo, au yeye ninampenda jinsi ndugu apendwavyo. Kiesperanto huzitenga: Mi amas lin kiel frato, ambapo frato anaambatana na mi, Mi amas lin kiel fraton, ambapo fraton anaambatana na lin.

Wa pili ni mahali. “Ndege anaruka bustanini” hakusemi kama ndege yumo bustanini akiruka, au anaruka kuingia bustanini. Kiambishi -ni cha Kiswahili hutaja mahali bila kutaja mwendo. Kanuni ya 13 ya Zamenhof inaipa -n kazi ya pili, yaani kuonyesha uelekeo: La birdo flugas en la ĝardeno (yumo ndani), La birdo flugas en la ĝardenon (anaingia). Mwanafunzi aangalie kwamba -n hiyo haiongezwi baada ya al (“kwa, kuelekea”) na ĝis (“hadi”), kwa kuwa vihusishi hivyo vyenyewe vimeshataja mwendo.

Wa tatu ni umilikaji. “Anampenda mama yake” hakuamui kama ni mama wa anayependa au mama wa mtu mwingine. Kifaransa nacho hakiamui. Kiesperanto husema Ŝi amas sian patrinon kwa mama wa kiima chenyewe, na Ŝi amas ŝian patrinon kwa mama wa mwanamke mwingine. Msema Kiswahili hujiwekea njia ya pili kila mara, na bila kukusudia huwapa watu mama za wengine.

4. Pale ambapo mpangilio si huru

Ikiwa -n inaziachia huru nomino, haiyaachii huru maneno madogo. Hapa ndipo kauli ya “panga unavyopenda” inapoleta madhara.

Kwanza, kikanushi ne husimama mbele ya neno linalokanushwa. Mi ne vidis lin ni “sikumwona”. Ne mi vidis lin ni “si mimi niliyemwona”. Vivyo hivyo Ne ĉiuj venis ni “si wote waliokuja”, na maana hiyo ni mbali na “wote hawakuja”. Kiswahili huweka ukanushi ndani ya kitenzi, lakini kina neno si kwa kukanusha sehemu nyingine ya sentensi. Mwanafunzi akiambiwa kwamba ne ya mbele ya nomino ni si, na ne ya mbele ya kitenzi ni ha-, hatakosea. Aidha kanuni ya 12 inakataza ukanushi wa mara mbili: “sikuona chochote” ni Mi nenion vidis au Mi vidis nenion, *Mi ne vidis nenion ni kosa.

Pili, maneno nur (“tu”) na ankaŭ (“pia”) hutangulia neno yanalolihusu. Kiswahili hufanya kinyume: “mtoto tu” ni nur la infano. Mwanafunzi anayefuata mpangilio wa Kiswahili na kuandika *La infano nur vidis la instruiston kwa maana ya “mtoto tu ndiye aliyemwona mwalimu” atasomeka kana kwamba mtoto alimwona tu mwalimu, hakufanya jambo jingine.

Tatu, kihusishi hakiachani na nomino yake, na la hukaa mbele ya kirai chake. Kivumishi kina nafasi mbili: bona libro na libro bona. Zote mbili ni sahihi, lakini ya kwanza ndiyo ya kawaida, na ya pili hutia mkazo. Msema Kiswahili, ambaye kivumishi chake hufuata nomino, huandika ya pili katika kila mstari, na maandishi yake yote huonekana yamekazwa pasipo sababu.

Kuhusu vivumishi kuna hatari iliyojificha zaidi. Mi trovis la bonan libron ni “nilikipata kitabu kizuri”. Mi trovis la libron bona ni “nilikiona kitabu kuwa ni kizuri”. Katika sentensi ya pili bona haina -n, kwa kuwa si sehemu ya kirai cha kitabu, bali ni hukumu juu yake. Kiswahili hulazimika kuongeza kitenzi kuwa. Kiesperanto hutosheka na kuondoa herufi moja.

Nne, maswali. Swali la ndiyo au siyo huanzishwa na ĉu bila kugeuza kitu kingine: Ĉu la infano legis la libron? Hii ni sawa kabisa na Je ya Kiswahili, na msema Kiswahili humpita hapa Mfaransa aliyezoea kugeuza kitenzi na kiima. Lakini maneno ya kuuliza hutofautiana. Kiswahili huacha neno la kuuliza mahali pa jibu lake: “Mtoto amesoma nini?” Kiesperanto hulipeleka mbele: Kion legis la infano? Anayeandika La infano legis kion? ataeleweka, lakini kama mtu anayeshangaa au anayeomba jibu lirudiwe.

5. Hoja ya kuiondoa -n

Ugumu wa -n umeleta mabishano tangu zamani. Kabla ya Kiesperanto, Volapük ya padri Mjerumani Johann Martin Schleyer ilikuwa na hali nne za nomino. Zamenhof alizipunguza hadi mbili. Wengine waliona kwamba hata mbili ni nyingi. Mwaka 1907 ilitokea lugha ya Ido, iliyotokana na Kiesperanto chenyewe, na Louis Couturat pamoja na Louis de Beaufront walikuwa mstari wa mbele katika kuitetea. Ido iliondoa upatanisho wa vivumishi, na -n ikailazimisha pale tu yambwa inapotangulia kiima. Interlingua, iliyotolewa mwaka 1951, iliziacha nomino zake bila alama yoyote ya hali, na kuutegemea mpangilio.

Hoja ya warekebishaji si dhaifu. Mamilioni ya watu husema lugha zisizo na hali za nomino, wakaelewana. Kwa nini mwanafunzi abebeshwe mzigo? Mifano ya sehemu ya tatu inatoa jibu la sehemu moja. Lugha isiyo na alama kwenye nomino hulazimika kulipa mahali pengine: kwa ngeli na viambishi vya kitenzi, kama Kiswahili; kwa mpangilio usiotikisika; au kwa maneno ya ziada kama ambaye. Ido yenyewe haikuweza kuitupa -n kabisa, na kiwakilishi rejeshi kikiwa yambwa hubaki nayo. Mwanafunzi wa Ido alipunguziwa idadi ya -n, lakini akaongezewa sharti la kuchunguza mpangilio kabla ya kuamua kama -n inatakiwa. Hakuna lugha iliyofuta deni hilo. Kinachobadilika ni mahali pa kulilipia.

6. Hitimisho

Kutokana na maelezo haya, mambo matatu yanaweza kupendekezwa kwa anayefundisha Kiesperanto kwa wasema Kiswahili.

Kwanza, -n isifundishwe kwa sentensi za mtu na kitabu, ambazo huifanya ionekane haina kazi. Ifundishwe kwa sentensi za watu wawili, na mapema iingizwe katika urejeshi, ambapo mwanafunzi ataona kwa macho yake kwamba lugha yake ilikuwa imeacha maana mbili katika kirai kimoja.

Pili, uhuru wa mpangilio utangazwe pamoja na mipaka yake. Mwanafunzi aambiwe kwamba kiima na yambwa vina ruhusa ya kuhama, lakini ne, nur, ankaŭ, vihusishi na la havina. Tena aambiwe kwamba kuhama kwenyewe kuna maana: Tiun libron la infano legis hujibu swali kuhusu kitabu, kama vile “kitabu hicho mtoto alikisoma” hujibu swali kuhusu kitabu na si kuhusu mtoto.

Tatu, ulinganisho uanzie katika Kiswahili, na Kifaransa kije kusaidia. Katika vyuo vikuu vya Kongo mwanafunzi amezoea kupimiwa sarufi kwa kipimo cha Kifaransa, hata pale Kiswahili kilipo karibu zaidi na jambo linalofundishwa. Je na ĉu, si na ne, upatanisho wa vivumishi na mkazo wa silabi ya pili kutoka mwisho ni vitu ambavyo anavyo tayari. Anachokosa ni zoea la kuvitazama, na kwa upande huo saa chache za Kiesperanto zinaweza kumfaa hata mwanafunzi asiyekusudia kukisema, maadamu atatoka darasani akijua kwa nini “mtoto aliyemwona mwalimu” ni maneno ya kuandikwa kwa hadhari.